Mtaalamu Mgeni Naye Apewe Jembe

Wahenga walisema kuwa mgeni ni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Katika nyumba zetu za Diani na Msambweni neno hili lafahamika na kila mtoto. Ajabu ni kwamba katika vyuo vikuu vyetu halifuatwi. Huko mtaalamu aliyetoka ng'ambo kuja kufundisha wanafunzi wa shahada ya udaktari huwekewa kiti cha mbele, husikilizwa kwa siku kumi au kumi na nne, hupigwa picha pamoja na wakuu wa chuo, kisha husindikizwa mpaka uwanja wa ndege. Jembe halioni.

Yamkini msomaji atauliza mambo haya yamhusu nini kijana wa sekondari. Yamhusu sana, kwa kuwa Kwale imekuwa shamba la elimu ya watu wengine kwa muda mrefu. Tangu mwaka 1984 hadi 1992 watoto wa shule za Msambweni walipimwa mkojo na kupewa dawa ya kichocho, katika kazi iliyofanywa na wataalamu wa Marekani pamoja na Wizara ya Afya ya Kenya. Wajapani nao waliyachunguza maradhi hayo hayo huko Mwachinga katika miaka ya 1980. Baadaye wengine wakawafuata mbu wa Ukunda kwa ajili ya homa ya dengi na chikungunya. Sisemi kazi hizo zilikuwa mbaya. Mtoto aliyekuwa akikojoa damu akapona hana sababu ya kuzilaumu. Nasema hivi: mkojo ni wetu, konokono wa madimbwi ni wetu, na mbu ni wetu, je, udaktari uliotokana navyo ni wa nani?

Namjua kijana mmoja wa huku, niliyepata kumfundisha hesabu, aliyejiandikisha kusomea shahada hiyo. Msimamizi wake mgeni alikuja mara mbili katika miaka mitatu. Mara ya kwanza alimfundisha namna ya kupanga takwimu, na kijana akiri mpaka leo kuwa wiki ile alijifunza mengi kuliko mwaka mzima uliotangulia. Mara ya pili mgeni alichukua vielelezo akaenda zake. Barua za kijana zilikaa miezi bila majibu. Makala ilipochapwa, jina lake lilikuwa la mwisho, na yeye ndiye aliyeingia dimbwini kuokota konokono.

Wako wasemao kuwa basi wageni wasije. Sikubaliani nao hata kidogo. Mwaka 1963 Mwingereza Terence Ranger, aliyefukuzwa na serikali ya Rhodesia, alifika Dar es Salaam kuanzisha idara ya historia katika chuo kipya. Hakukaa wiki mbili. Alikaa mpaka 1969. Mwaka ule ule alioondoka kilitoka kitabu cha historia ya Tanzania kilichohaririwa na Watanzania wawili, Isaria Kimambo na Arnold Temu. Mgeni alilima, na alipokwenda, shamba lilibaki na wenyewe.

Nitajibiwa kuwa mtaalamu wa leo ana kazi kwao, hawezi kukaa miaka sita. Vema, na asikae. Lakini asiitwe mlezi. Mhubiri apitaye njia hatumwiti baba wa watoto. Udaktari hapa Kenya huchukua miaka mitatu kwa uchache, na anayetaka kumlea mwanafunzi na arudi kila mwaka, asome kila sura, amwachie jina la kwanza katika kazi aliyoifanya kwa mikono yake, na matokeo yaelezwe kwa Kiswahili chini ya mwembe wa Msambweni kabla hayajasomwa London.

Walakini lawama kubwa si ya mgeni. Ni ya wasimamizi wetu wenyewe, watiao sahihi kurasa wasizozisoma, wakafurahi kuwa mtu wa mbali amewapunguzia mzigo. Mgeni hawezi kupewa jembe na mwenyeji ambaye lake limeshika kutu.

Swali ambalo ningependa mwanafunzi wa Kwale amwulize mtaalamu wake, kabla ya kumwonyesha njia ya kwenda dimbwini, ni moja tu: utarudi lini?