Mwari Ana Huzuni ya Miaka, Ninyi Mnampaka Singo

Leo sitapamba maneno.

Kuna maneno yamezoeleka majumbani mwetu: "Huyo mwozesheni tu, atachangamka." Anayesemwa ni msichana asiyekuwa na homa wala jeraha. Anaswali, anapika, anakwenda kazini, lakini moyo wake ni mzito tangu asubuhi hadi usiku, mwaka baada ya mwaka. Amechoka hata akitoka kulala. Ukimuuliza, atakwambia "ndivyo nilivyo". Basi watu wazima wanakaa kitako na kutoa hukumu: mvivu, ana jini, au imani yake haba. Na dawa ni mume!

Nasema si kweli. Na tunawadhulumu watu wawili kwa mpigo mmoja: bibi harusi, na mume ambaye hakuambiwa kitu.

Hali hiyo ina jina. Ni disthimia, yaani sonona isiyo kali ila inayodumu. Kwa mtu mzima, madaktari huangalia huzuni iliyokuwepo siku nyingi kuliko siku isipokuwepo, kwa muda wa miaka 2 au zaidi. Huandamana na mambo kama usingizi kuharibika, chakula kutopanda au kuliwa kupita kiasi, uchovu, kujiona hufai na kukata tamaa. Kwa watoto na vijana muda wake ni mwaka 1. Kwa vile haimlazi mtu kitandani, hakuna anayeishtukia. Na kwa vile mara nyingi huanza ujanani, tunaiita tabia.

Inatoka wapi? Haina sababu moja. Ipo ya ukoo: mwenye mzazi au ndugu wa damu aliyepata sonona yumo hatarini zaidi. Ipo ya mwili: kemikali za ubongo na homoni. Tezi ya shingo ikilegea, au damu ikipungua, mtu huhisi uzito unaofanana kabisa na huo, ndiyo maana daktari makini hupima damu mapema. Ipo ya utoto: kufiwa na mzazi, kupigwa, kudhalilishwa na kunyamazishwa. Na ipo ya maisha yenyewe: deni lisilokwisha, kuuguza mgonjwa peke yako, kuishi na mtu wa kukutukana kila siku. Mara nyingi huwa zimekutana mbili tatu kwa mtu mmoja. Na sonona kwa jumla huwapata wanawake karibu mara 2 kuliko wanaume.

Sasa niambieni, mashangazi na masomo, ndoa inaondoa sababu ipi kati ya hizo? Singo inang'arisha ngozi, haifiki kwenye tezi. Hina haifuti yaliyompata mtoto akiwa na miaka saba. Kinyume chake, ndoa humtoa mtu kwao, na baadaye huja mimba, uzazi na usiku wa kukesha na mtoto. Hayo ni mazito hata kwa aliye mzima. Fungate likiisha, yule mliyesema atachangamka anaambiwa hana shukrani.

Wapo watakaojibu kuwa moyo hutulia kwa kumkumbuka Allah. Ni kweli, na sisemi mtu aache dhikri wala swala. Lakini mgonjwa wa sukari pia anaswali, na dawa yake anameza. Nabii Yaaqub alimlilia Yusuf mpaka macho yake yakapofuka, naye ni Mtume. Mwaka aliofariki Bibi Khadija na Abu Talib unaitwa Mwaka wa Huzuni. Nani atathubutu kusema hapo imani ilipungua? Bibi Aisha alikuwa akiagiza wagonjwa na wafiwa wapikiwe talbina, uji wa shayiri, kwa kuwa huupumzisha moyo. Naye Abu Zayd al-Balkhi, mwanachuoni aliyefariki mwaka 934, aliandika kwamba kuna huzuni yenye sababu inayojulikana na kuna isiyojulikana sababu yake, na hii ya pili akaihusisha na mwili. Zaidi ya miaka 1,000 iliyopita! Sisi leo bado tunasema "jini".

Dada unayejiona humu, usingoje harusi ikuponye. Nenda hospitali, eleza umeanza lini, upimwe. Yapo mazungumzo na mshauri, zipo dawa, na wengi hupata nafuu. Ukianza kuona heri usingekuwepo, mwambie mtu leo hii, usilale nalo. Hapa Unguja hospitali ya Kidongo Chekundu tumeifanya tusi la kutaniana, na kwa tusi hilo tumewafungia mlango wagonjwa wetu wenyewe.

Sisemi mwenye huzuni asiolewe. Aolewe, lakini kwa macho wazi: mchumba aambiwe kabla ya akdi, na matibabu yaendelee baada yake. Mume mwema ni msaidizi wa mgonjwa, hawezi kuwa ndiyo dawa.

Nanyi mama zetu, kabla ya kuuliza mahari ni kiasi gani, muulizeni binti tangu lini hajacheka kwa raha. Kisha nyamazeni, mumsikilize.

Allah awaponye wagonjwa wetu wa mwili na wa moyo. Amin.