Kageye na Timbuktu: Biashara hupita, maandishi hubaki

Tarehe 19 Juni 2025 lilifunguliwa rasmi daraja la Kigongo–Busisi, Daraja la J.P. Magufuli, lenye urefu wa takriban kilomita tatu juu ya Ghuba ya Mwanza. Kabla ya hapo, mwaka 2021, ulianza ujenzi wa reli ya kisasa baina ya Mwanza na Isaka, kilomita 341. Mazungumzo ya mabarazani ni nauli na bei za bidhaa, na ni haki yawe hivyo. Lakini tujiulize: je, njia hizi ni ngeni kwetu?

Ndugu wasomaji, reli ya zamani ilifika Mwanza mwaka 1928 tu. Muda mrefu kabla yake, misafara ilitoka Bagamoyo, ikavuka nyika kame ya Marenga Mkali huko Ugogo, ambako msafara uliokosea hesabu ya maji uliangamia, ikapumzika Tabora, kisha ikageukia kaskazini hadi ziwani. Wapagazi wa Kinyamwezi na Kisukuma walibeba pembe za ndovu kwenda pwani, na vitambaa, shanga na nyaya kuja bara. Waislamu walikuwa wamekwishafika mbali: mwaka 1844 mfanyabiashara Ahmed bin Ibrahim alikuwa katika baraza la Kabaka Suna wa Buganda.

Upande wetu wa ziwa bandari ilikuwa Kageye, leo kijiji katika Wilaya ya Magu. Stanley alifika hapo Februari 1875, akamkuta mfanyabiashara Songoro akiunda jahazi. Songoro aliuawa Ukerewe mwezi Desemba 1877, katika mapigano na watu wa mtemi Lukonge.

Hapa pana jambo la kuzingatia. Vitabu vinasema Speke "aligundua" Ziwa Victoria mwaka 1858. Ukweli ni kwamba habari za ziwa hilo alizipata Tabora kwa wafanyabiashara, akiwamo Snay bin Amir, ndipo akatembea siku 25 akafika. Wenyeji walilijua na wafanyabiashara waliisimulia njia. Speke aliandika na kuchapisha. Hata Songoro tunamjua zaidi kwa kalamu za wageni kuliko kwa daftari zake mwenyewe.

Sasa tuutazame mji wa Timbuktu, Mali, ukingoni mwa jangwa la Sahara. Nao ulikuwa mji wa misafara: chumvi ilishuka kwa ngamia kutoka kaskazini, dhahabu ikapanda kutoka kusini. Mansa Musa alijenga humo msikiti wa Djinguereber katika karne ya 14, na Sankore ikawa makao ya elimu. Biashara ile ilififia, lakini jina la mji halikufa, kwa sababu familia zilihifadhi vitabu vyao masandukuni, kizazi baada ya kizazi. Mwaka 2012, wapiganaji walipoyabomoa makaburi ya mawalii, wenyeji walivisafirisha kwa siri hadi Bamako maelfu kwa maelfu ya hati hizo. Mwezi Agosti 2025 sehemu yake ilianza kurejeshwa nyumbani.

Tofauti ya Timbuktu na Kageye, basi, si ukubwa wa soko peke yake. Ni sanduku la karatasi. Nasi hatuna udhuru, kwani aya ndefu kuliko zote katika Qur'an, iliyomo katika Surat al-Baqarah, inawaamrisha waumini kuandika madeni yao. Mfanyabiashara Mwislamu aliamrishwa kuwa mtu wa kalamu.

Wala tusihifadhi sifa tu. Misafara hiyo ilibeba pia wanadamu waliotekwa, na baadhi ya waliowauza walikuwa Waislamu, hata baada ya Sayyid Barghash kulifunga soko la Unguja mwaka 1873. Anayeificha dhulma hii hawatetei wazee wetu. Anawanyima watoto ibra. Uadilifu katika ushahidi, hata dhidi ya nafsi zetu, ni amri ya dini.

Tunashauri mambo mawili. Likizo ijayo, wazazi wawapeleke watoto Kageye, au makumbusho ya Bujora pale Kisesa, na wenye uwezo wafike Kwihara, Tabora, kwenye tembe walimokaa Livingstone na Stanley. Qur'an imetuhimiza mara nyingi kutembea katika ardhi na kuzingatia mwisho wa waliotutangulia.

La pili, kila familia ifungue sanduku la babu. Barua za herufi za Kiarabu, daftari za madeni, nasaba na hati za wakfu zisitupwe kwa kuwa hakuna wa kuzisoma. Zikaushwe, zifungwe mbali na mchwa na unyevu wa ziwa, na wazee waulizwe wangali hai. Treni itafika, inshaallah. Tusije tukawauliza abiria wake historia ya nyumba zetu wenyewe.

Wabillahi tawfiq.