Kompyuta ya Nyumbani Inapokosa Mtandao

Katika nyumba nyingi za Lobule, wilayani Koboko, hakuna waya wa simu uliovutwa hadi ukutani. Intaneti huingia kwa njia ya hewa. Kwanza husafiri kutoka mnara wa kampuni ya simu hadi kwenye simu ya mkononi au kisanduku kidogo kiitwacho ruta. Halafu husafiri tena, kwa hewa ileile, kutoka kwenye ruta hadi kwenye kompyuta iliyo mezani. Safari hizo ni mbili, wala hazifanani. Mwenye kompyuta asiyezitofautisha hutumia fedha nyingi kutibu mguu ilhali kidonda kiko mkononi.

Hasara yenyewe si ndogo. Fomu ya kuombea nafasi ya chuo ina tarehe yake ya mwisho, na tarehe hiyo haimsubiri kijana kwa sababu tu kompyuta ya nyumbani kwao imegoma. Bando lililonunuliwa asubuhi kwa fedha zilizokuwa za unga huweza kwisha kabla ya adhuhuri bila karatasi hata moja kupelekwa. Jambo la kusikitisha ni kwamba mara nyingi bando la kwanza lilikuwa halijaguswa, lakini mwenye nyumba, alipoona ukurasa haufunguki, akadhani limekwisha, akanunua la pili. Basi kabla ya kununua chochote yafaa salio litazamwe kwanza. Kutazama salio hakuna gharama.

Kipimo cha kwanza ni chepesi, na hata mtoto wa darasa la tano aweza kukifanya. Ichukuliwe simu nyingine na kuunganishwa na ruta ileile. Simu hiyo ikifungua ukurasa bila shida, kosa limo ndani ya kompyuta. Nayo ikishindwa, kompyuta haina hatia. Kosa liko kwenye ruta au mbele yake zaidi. Watu wengi hudanganywa na ile alama ya mapinde yaliyopangana inayotokea pembeni mwa kioo cha kompyuta. Alama hiyo haisemi kwamba intaneti ipo. Husema tu kwamba kompyuta na ruta zinasikilizana. Mtu aweza kushika vizuri mpini wa pampu ya kisima, akausukuma kwa nguvu zake zote, na bado maji yasitoke kwa sababu kisima kimekauka.

Ikiwa kosa liko upande wa ruta, umeme ndio wa kutuhumiwa kwanza. Nyumba nyingi za sehemu hizi hutegemea nguvu za jua na betri. Ruta ndogo za nyumbani mara nyingi huhitaji umeme wa volti 12, na betri iliyochoka, hasa saa za usiku baada ya taa kuwaka kwa muda mrefu, haiwezi kuudumisha umeme huo. Dalili zake ni dhahiri: ruta huwaka, hujizima, kisha huwaka tena, na kila mara huchukua dakika kadhaa kuutafuta mnara upya. Mwenye nyumba huona mtandao ukija na kutoweka, akailaumu kampuni. Wakati mwingine betri ni nzima, ila waya uliotumiwa ni mwembamba mno na umevutwa mbali, hivyo nguvu hupotea njiani. Kuusogeza ruta karibu na betri na kufupisha waya kumekwisha tengeneza mitandao mingi iliyohesabiwa kuwa imekufa. Na mvua za radi zinapokaribia, adapta na ichomolewe kabisa, kwani ruta iliyounguzwa na radi haina dawa.

Wale wanaotumia simu ya mkononi badala ya ruta, nao ndio wengi, wana taabu yao nyingine. Simu inapogawa mtandao hula chaji haraka na kupata joto. Simu nyingi hujizuia zenyewe: zikikaa dakika chache bila kifaa chochote kuunganishwa, au zikiingia katika hali ya kubana matumizi ya betri, huufunga mlango wa kugawia mtandao kimyakimya. Kompyuta ikirudi kuutafuta haiuoni. Dawa yake ni kuingia katika mipangilio ya simu, kuizima hali hiyo ya kubana chaji, na kuiacha simu ikiwa imechomekwa, mahali penye kivuli. Ukiwapo waya wa kuchajia unaoweza pia kupitisha habari, simu yaweza kuunganishwa na kompyuta kwa waya huo moja kwa moja. Hapo safari ya pili ya hewani huondoka kabisa, na taabu zake zote huondoka nayo. Njia hii haipendwi sana na vijana, lakini kwa kazi ya haraka ni ya kutegemewa kuliko zote.

Sasa yatazamwe mawimbi yenyewe. Mtandao wa nyumbani usio na waya hutumia mawimbi ya redio, ya jamii moja na yale yanayoleta taarifa ya habari, ila ni mafupi sana. Yale ya gigahezi 2.4 yana urefu wa sentimita 12 na nusu hivi. Yale ya gigahezi 5 yana urefu wa takriban sentimita 6. Mawimbi ya namna hii hayapiti kwenye bati. Hupunguzwa na ukuta wa tofali, na hupunguzwa zaidi ukuta huo ukiwa umelowa mvua, maana maji huyanyonya. Nyumba ya nyasi yenye ukuta mwembamba huyapitisha vizuri zaidi kuliko nyumba iliyoezekwa bati na kuwekewa mlango wa chuma. Ni kichekesho kidogo kwamba aliyejenga nyumba ya kisasa huteseka zaidi katika jambo hili kuliko jirani yake wa nyumba ya nyasi. Ruta isifungiwe katika sanduku la chuma kwa kuogopa wezi, wala isiwekwe nyuma ya madumu ya maji yaliyojaa. Mahali pake ni juu, karibu na dirisha linaloelekea mnara uliko. Ili kupata upande huo, mtu na aizunguke nyumba polepole akiwa na simu mkononi, akisimama kidogo kila pembe na kutazama ni wapi nguvu za mtandao huongezeka. Kipimo hicho kirudiwe alfajiri na tena jioni, kwa sababu jioni watu wengi hugawana mnara mmoja, na kasi hupungua hata kama alama zote zimejaa.

Tofauti ya yale mawimbi mawili huleta fumbo jingine. Simu za miaka ya karibuni huweza kugawa mtandao kwa gigahezi 5, ilhali kompyuta nyingi zilizonunuliwa zikiwa zimekwisha tumika huzijua gigahezi 2.4 tu. Matokeo yake ni kwamba simu ya mtoto huuona mtandao na kompyuta ya baba haiuoni, ingawa ziko juu ya meza moja. Hapo kompyuta haijaharibika hata kidogo. Katika mipangilio ya simu inayogawa, ichaguliwe gigahezi 2.4, na jina la mtandao litatokea mara moja.

Ikiwa kipimo cha kwanza kimeonyesha kwamba kosa limo ndani ya kompyuta, yaanze mambo madogo. Kompyuta nyingi za kubebeka zina kitufe cha kuzimia redio yake, au hali ya ndegeni, na kidole cha mtoto hukigusa pasipo kujua. Neno la siri nalo hutofautisha herufi kubwa na ndogo. Ikiwa neno hilo lilibadilishwa kwenye ruta, kompyuta huendelea kutumia lile la zamani hadi iamrishwe kuusahau mtandao huo na kujiunga upya. Aidha, mtu akitazama anwani ambayo kompyuta imepewa na kuikuta inaanza na 169.254, ajue kwamba kompyuta haikupewa anwani na ruta, bali imejibunia yenyewe. Vyote viwili vizimwe, iwashwe ruta kwanza, na baada ya dakika tatu hivi ifuate kompyuta.

Lipo kosa moja linalowashinda hata mafundi wa mjini Koboko na Arua, nalo ni saa. Ndani ya kompyuta mna betri ndogo, ambayo katika nyingi ni ya duara mfano wa sarafu, inayoendesha saa wakati kompyuta imezimwa. Katika kompyuta za zamani betri hiyo huwa imekufa, na kila iwashwapo kompyuta hudhani imerudi miaka mingi nyuma. Kurasa za benki, za vyuo na za barua huthibitishwa kwa hati zenye tarehe ya kuanza na tarehe ya kwisha. Kompyuta inayodhani ni mwaka 2009 huziona hati hizo kuwa hazijaanza kutumika, ikazikataa, na kuonya kwamba ukurasa si wa salama. Mtandao ni mzima, ruta ni nzima, bando lipo, na bado fomu haifunguki. Tiba ni kurekebisha tarehe, saa na mwaka. Tiba ya kudumu ni kubadili ile betri, ambayo bei yake ni ndogo mno ikilinganishwa na bei ya bando zilizokwisha potea.

Upo pia mlaji wa siri. Kompyuta yenye programu ya Windows, mara tu ipatapo mtandao, huanza kujipakulia masahihisho yake, ambayo huweza kuwa mamia ya megabaiti. Mwenye nyumba hajafungua hata ukurasa mmoja, na bando limekwisha liwa. Katika mipangilio ya mtandao ule kuna mahali pa kuiambia kompyuta kwamba mtandao huu hulipiwa kwa kipimo. Ikiambiwa hivyo, hupunguza sana tamaa yake. Kwa kuwa tangu Julai 2021 data hutozwa kodi ya asilimia 12, iliyochukua nafasi ya ile ya shilingi 200 kwa siku iliyoanza Julai 2018, kila megabaiti ina thamani yake. Jambo la jamii hiyo ni programu za VPN. Wananchi wengi walizipakua Januari 2021, Facebook ilipofungwa nchini Uganda. Programu hiyo ikiachwa wazi wakati seva yake ya ng'ambo imelala, hakuna kitakachofunguka. Izimwe kwanza, kisha ijaribiwe tena.

Lobule ina jambo lake ambalo mtu wa Kampala halijui. Koboko iko pembeni ya nchi tatu, na Wakakwa wanaishi katika zote tatu: Uganda, Sudan Kusini na Kongo. Mawimbi hayajui mpaka. Simu au ruta huweza kuukamata mnara wa ng'ambo wenye nguvu zaidi kwa saa hiyo, na bando lililonunuliwa Uganda huenda lisifanye kazi huko. Jina la kampuni lililo juu ya kioo cha simu ndilo litakaloisema siri hiyo. Likiwa geni, uchaguzi wa mtandao utolewe katika hali ya kujichagulia, na jina la kampuni ya Uganda lichaguliwe kwa mkono.

Jambo jingine ni laini yenyewe. Wako wakimbizi kutoka Kongo ambao kwa muda mrefu walitumia laini zilizosajiliwa kwa majina ya majirani, kwa kukosa karatasi zilizokubaliwa. Mwaka 2019 Tume ya Mawasiliano ya Uganda ilielekeza kwamba hati wanazopewa wakimbizi zikubaliwe katika usajili. Nyumba ambayo bado inategemea laini ya jina la mtu mwingine iko hatarini: laini ikifungwa, au mwenye jina akihama, hakuna awezaye kuirudisha, na namba hiyo ndiyo jamaa walio mbali wanayoijua.

Wakati mwingine kosa liko mbali kabisa. Sehemu kubwa ya habari zitokazo West Nile hupitia Kampala na Kenya hadi Mombasa, ambako nyaya za chini ya bahari kama SEACOM na TEAMS, zilizoanza kazi mwaka 2009, zimetia nanga. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za EASSy na SEACOM zilikatika karibu na Afrika Kusini, na Afrika Mashariki nzima ikaona mtandao ukizorota. Siku kama hiyo majirani wote hulia kilio kimoja. Basi mtu na aulize kwa jirani kabla ya kufungua ruta yake kwa bisibisi.

Mafundi nao wana tabia moja isiyofaa: kukichoma kwa sindano kile kitundu kidogo kilicho nyuma ya ruta. Kitendo hicho hufuta mipangilio yote, pamoja na jina la lango la kampuni, na ruta iliyokuwa na kosa moja sasa ina makosa matano. Kisikubaliwe kabla mipangilio haijanakiliwa kwenye karatasi: jina la mtandao, neno la siri, jina la lango, na namba ya laini iliyomo. Karatasi hiyo ibandikwe chini ya ruta, na mwenye nyumba anapoipigia simu kampuni awe nayo mbele yake, pamoja na saa ambayo mtandao ulikatika na rangi ya taa zilizokuwa zikiwaka.