Nyumba ya chini, kodi ya ghorofa

Mhariri,

Wanunuzi wa nyumba hukagua paa, nyufa na hati, wakaisahau mita ya umeme. Tangu Agosti 2021 kodi ya majengo hukatwa mtu anaponunua umeme wa LUKU. Mwaka 2023 ikapanda hadi shilingi 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na mijini 7,500 kwa kila sakafu ya ghorofa.

Nyumba niliyonunua ina mita mbili, ya mbele na ya wapangaji wa uani. Zote zinakatwa kodi, tena moja kwa kiwango cha ghorofa! Kilicho juu pale ni tangi la maji tu. Kwenye ofisi ya kodi naambiwa nimsubiri mkaguzi. Huku mpangaji analipia jengo lisilo lake, nami nampunguzia kwenye pango.

Wahusika, kagueni mita siku mauziano yanapoandikishwa.

Msomaji,
Dar es Salaam