Vyanzo vya maji vipimwe kwa kipimo kimoja

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze jambo linalotusumbua wananchi wa huku Lufingo, Tukuyu.

Katika mkutano wa kijiji tulisomewa taarifa ya vyanzo vitatu vya maji, tuchague kimoja cha kujengewa bomba la mserereko. Cha kwanza, tuliambiwa, kinatoa lita 2 kwa sekunde. Cha pili mita za ujazo 6 kwa saa. Cha tatu lita 120,000 kwa siku. Watu wengi wakashangilia cha tatu. Nani asingeshangilia laki na ushei mbele ya mbili?

Lakini mita moja ya ujazo ni lita 1,000, saa moja ina sekunde 3,600, na siku nzima sekunde 86,400. Basi lita 2 kwa sekunde ni lita 172,800 kwa siku. Mita za ujazo 6 kwa saa ni lita 144,000. Hicho kilichoshangiliwa ndicho cha mwisho! Sera ya Maji ya mwaka 2002 iliweka lita 25 kwa mtu kwa siku vijijini. Kwa hesabu hiyo chanzo cha kwanza kinatosha watu 6,912, cha tatu watu 4,800. Hao 2,112 waliobaki ndio watakaorudi mtoni na ndoo kichwani.

Bila shaka lazima liwepo tangi la kuhifadhi maji ya usiku, na vipimo viwe vya kiangazi, maana masika kila kijito cha Rungwe ni mto.

Wenye pampu nao wajihadhari na galoni. Ya Kiingereza ni lita 4.5 hivi, ya Kimarekani lita 3.8. Pampu ya galoni 20 kwa dakika yaweza kuwa ya lita 91 au 76. (Hata debe letu asili yake ni galoni 4 za Kiingereza, yaani lita 18 na kidogo, ingawa sokoni kila mtu husema 20.)

Nawaomba wataalamu wetu waandike vyanzo vyote kwa lita kwa sekunde, kisha watuambie ni ndoo ngapi kwa siku. Mwananchi mwenye ndoo ya lita 20 na saa ya mkononi atahakiki mwenyewe: ikijaa kwa sekunde 10, hizo ni lita 2 kwa sekunde.

Mabomba bado hayajalazwa. Tunaomba taarifa ile irudishwe kijijini isomwe upya.

Mwananchi,
Lufingo, Tukuyu.