Asiyekuwapo na Lake Halipo

Upo usemi unaosikika sana miongoni mwa Waswahili wa Stockholm: "Mambo ya föreningen ni mambo ya Wazungu." Husemwa sebuleni baada ya chai, husemwa msibani, husemwa kwenye treni ya chini ya ardhi tunaporudi kutoka kazini usiku. Anayeusema hutikisa bega, na anayeusikia huitikia. Sisi tunaoandika ukurasa huu tunaupinga usemi huo, na tunaomba ndugu wasomaji watupe nafasi tueleze kwa nini.

Kwa wenzetu wanaotusoma wakiwa Muscat, London au Toronto, tuanze na maelezo mafupi. Hapa Sweden, mtu akisema amenunua fleti, mara nyingi hakununua kuta. Jengo zima ni mali ya chama cha ushirika, kwa Kisweden bostadsrättsförening. Mnunuzi hupata uanachama pamoja na haki ya kukaa katika fleti yake bila kikomo cha muda. Kila mwezi hulipa ada, na ada hiyo ndiyo inayolipa deni la jengo, joto wakati wa baridi, kuondoa theluji, na vitu vyote vya pamoja: chumba cha kufulia, sauna, uwanja wa watoto wenye bembea na mchanga, mahali pa kuchomea nyama, na penye bahati, ukumbi mdogo chini ya jengo wenye jiko na viti vya kutosha. Bodi huchaguliwa na wanachama katika mkutano mkuu wa mwaka. Mwanachama mmoja ana kura moja, na fleti ya mume na mke wanaoimiliki pamoja ina kura moja kwa wote wawili. Mama anayewalea wazee kwa zamu za usiku ana kura ile ile aliyonayo mhandisi wa ghorofa ya juu mwenye fleti mara tatu ya yake.

Sasa tuulizane: katika vitu hivyo vyote, kipi kinatugusa zaidi sisi? Ni ule ukumbi. Fleti zetu ni za vyumba viwili au vitatu. Ukifiwa na mzazi kule Tanga au Moroni, watu watakuja kukupa pole wakiwa hamsini, na huwezi kuwatandikia mikeka uani mwezi wa Januari. Ukimwoza binti, wakwe lazima wapokelewe mahali. Ukitaka watoto wajue Kiswahili cha kusema na bibi yao kwenye simu, kipindi kimoja kifupi cha lugha ya mama shuleni kwa wiki hakitoshi. Wanahitaji Jumamosi yao, mwalimu wao wa kujitolea, na chumba chenye meza. Ukumbi wa jengo hukodishwa kwa bei ndogo, au hutolewa bure, kwa sababu ulishalipiwa kwa ada. Kumbi za mjini hukodishwa kwa maelfu ya kroni, na ada ya nyumbani inaendelea kulipwa vilevile.

Ukumbi huo ndio ulio hatarini. Mwanzoni mwa 2022 riba ya Benki Kuu ya Sweden ilikuwa sifuri. Kufikia Septemba 2023 ilikuwa asilimia 4. Vyama vyenye madeni makubwa vilijikuta vikilipa riba ambayo hawakuipangia, na vingi vikapandisha ada. Bodi ikibanwa na benki hutafuta mahali pasipoingiza fedha, na macho huangukia vyumba vya pamoja. Ukumbi unaweza kugawanywa kuwa stoo za kukodisha, au kugeuzwa fleti ikauzwa. Sauna inaweza kufungwa ili kuokoa umeme, na bembea iliyooza ikang'olewa isirudishwe. Pengine hatua hizo ni za busara, pengine si za busara. Ila huamuliwa kwa kura, na kura hupigwa na waliomo chumbani.

Hebu tufanye hesabu. Chukua jengo la fleti tisini. Tuseme mkutano wa mwaka umehudhuriwa na wenye kura ishirini na saba, na bodi imependekeza ukumbi uwe stoo. Kumi na sita wanaunga mkono, kumi na moja wanapinga, na ukumbi umekwenda. Tuseme tena kwamba katika jengo hilo mna familia saba za Waswahili, na siku hiyo hakuna hata moja iliyoshuka ngazi. Saba ukiziongeza kwenye kumi na moja unapata kumi na nane, na kumi na nane ni nyingi kuliko kumi na sita. Ukumbi ungebaki. Hapo hapakuhitajika wakili wala maandamano. Palihitajika watu saba na saa mbili za jioni moja.

Tunajua jibu litakalokuja: "Hata tukienda hawatusikilizi. Hawa watu wana ubaguzi." Hatutasema ubaguzi haupo, anayeishi hapa na rangi yetu anajua ulipo. Tumeona kanuni za ukumbi zilizoandikwa kwa adabu, kumbe zinamlenga nani kila mtu anajua: mwisho wa sherehe saa nne usiku, wageni wasizidi kiasi fulani, vyakula "vyenye harufu kali" visipikwe. Aliyeandika sentensi hiyo ya mwisho hakuwa akifikiria samaki wa kuchacha wa Wasweden, ambaye harufu yake ingeangusha punda. Lakini kanuni hiyo iliwekwa na bodi, na bodi iliwekwa na mkutano. Kanuni mbaya huondolewa kwa njia ile ile iliyoletwa. Anayekaa nyumbani akilalamika juu ya ubaguzi anamwachia mbaguzi kalamu, karatasi na kiti cha mwenyekiti, kisha anashangaa kuona kimeandikwa nini.

Jibu la pili ni lugha. "Kisweden cha mikutano ni kigumu." Ni kigumu kweli, lakini hoja inaandikwa nyumbani, kwa utulivu, na nusu ukurasa unatosha. Kila mwanachama ana haki ya kupeleka hoja, mradi iifikie bodi kabla ya tarehe iliyowekwa na katiba ya chama. Tunao vijana waliozaliwa hapa, wanaotutafsiria hospitalini na benki. Barua ya hoja haitawashinda. Jibu la tatu ni kazi za zamu. Kwa hilo sheria imetoa njia: mwanachama anaweza kumpa mwenzi wake wa ndoa au mwanachama mwingine hati ya kumpigia kura. Kwa kawaida mtu mmoja hubeba kura ya mwanachama mmoja tu zaidi ya yake, hivyo hati zote saba hazitaingia mkoba mmoja, lakini watatu wakienda, kura sita zimekwenda.

Jibu la nne ndilo linalotuudhi zaidi: "Sisi ni wapita njia, tutarudi nyumbani." Maneno haya tumeyasikia kwa wazee waliofika hapa miaka ya 1970 na wakaja kuzikwa hapa. Mpita njia halipi deni la jengo kwa miaka ishirini. Watoto wanaocheza kwenye ile bembea si wapita njia. Hapa ndipo kwao, na wanaona nani huinua mkono mkutanoni na nani haonekani.

Tena hili la kusema ushirika ni jambo la Wazungu halina historia. Mwaka 1923 hapa Stockholm kilianzishwa chama cha ushirika wa nyumba cha HSB. Waliokianzisha walikuwa wapangaji, kwa njia ya chama chao cha wapangaji, wakati watu wa kazi walikuwa wakibanana katika chumba na jiko. Nyumba za HSB zilijulikana kwa bafu ndani ya fleti, vyumba vya kufulia vyenye mashine na vyumba vya kuchezea watoto. Vitu hivyo vilitokana na wanachama waliolipa kidogo kidogo na kukaa vikaoni. Mtu aliyekulia Tanzania wakati wa vijiji vya ujamaa, au Kenya wakati wa harambee, atashangaa nini hapo? Na siku ile ya masika ambapo majirani hutoka na reki kusafisha ua, kisha wakala soseji pamoja, Mpare angeiita msaragambo bila kusita. Kwa nini basi siku hiyo tuitazame kutoka dirishani?

Wasomaji wetu wanaoishi katika nyumba za kupanga, hasa zile za kampuni za manispaa kama Svenska Bostäder, Stockholmshem na Familjebostäder, wasidhani wamesalimika na maneno haya. Wao hawana kura ya mwenye jengo, lakini wana chama cha wapangaji, Hyresgästföreningen, chenye matawi ya mtaani na vikao vyake vya mwaka. Kuna mitaa ambayo tawi ndilo linaloshika ufunguo wa chumba cha kukutania. Na wenye nyumba za kupanga wamewahi kuonyesha moyo. Januari 2012 wakazi wa Husby, wakiwemo vijana wa Megafonen, waliingia katika jumba lao la kukutania, Husby träff, wakakaa humo kupinga kupokonywa. Mji huu una kumbukumbu hiyo tangu zamani: Mei 1971 watu wa Stockholm walipanda juu ya miti ya Kungsträdgården ili isikatwe kwa ajili ya mlango wa treni ya chini ya ardhi, na miti ikabaki. Kwetu, Wangari Maathai alisimama mwaka 1989 kuikinga bustani ya Uhuru Park isijengwe jengo la ghorofa 60. Wote hao walilazimika kupambana kwa sababu uamuzi ulifanyika bila wao. Mwenye bostadsrätt ana bahati ambayo hao hawakuwa nayo. Uamuzi unafanyika kwenye ukumbi wake mwenyewe, amealikwa kwa maandishi, na kahawa ipo.

Hata anayejenga nyumbani haliepuki jambo hili. Tanzania ina sheria ya umiliki wa sehemu za majengo tangu 2008, na Kenya ilitunga sheria mpya ya aina hiyo mwaka 2020. Wengi wetu tunatuma fedha kununua fleti Dar es Salaam, Mombasa au Nairobi. Huko nako kuna chombo cha wamiliki, kuna ada ya kila mwezi, kuna lifti ya kutengenezwa na kisima cha maji. Aliyejifunza hapa kusoma hesabu za chama atajua aulize nini huko. Asiyejifunza ataliwa na kote kuwili.

Basi tunapendekeza nini? Kwanza, kila mwanachama aitafute katiba ya chama chake na aandike ukutani tarehe ya mwisho ya kupeleka hoja. Vyama vingi hufanya mkutano masika, na sheria inataka ufanyike ndani ya miezi sita baada ya mwaka wa hesabu kwisha. Pili, taarifa ya hesabu ya mwaka isitupwe pamoja na matangazo ya maduka. Isomwe: deni ni kiasi gani, riba imefungwa hadi lini, fedha za matengenezo zipo? Tatu, familia zetu zilizo katika jengo moja zikutane wiki moja kabla ya mkutano na kukubaliana jambo moja tu la kusimamia. Jambo moja linatosha. Tukienda na kumi tutaonekana tumekuja kugomba. Nne, tujipenyeze katika kamati ya uteuzi, inayopendekeza majina ya wajumbe wa bodi. Ni kazi ndogo ambayo watu wengi huikimbia, na ndiyo yenye ufunguo. Na ikitokea ukumbi unauzwa kwa haraka, ikumbukwe kwamba moja ya kumi ya wenye kura wakidai kwa maandishi, bodi inalazimika kuitisha mkutano wa ziada. Katika lile jengo letu la fleti tisini, ikiwa kila fleti ina kura moja, hizo ni saini tisa. Saba tunazo. Mbili zilizobaki tutazipata kwa majirani, na kwa majirani hatutazipata kama siku zote tunapitana kwenye ngazi bila salamu.

Karatasi ya mwaliko itabandikwa mlangoni si chini ya wiki mbili kabla ya mkutano. Tuisome, tumwambie na jirani Mswahili wa ngazi ya pili, kisha tushuke.