Rada ya Mwanza inaona mbali kuliko mpaka

Marubani wa safari ndefu barani Afrika wameyahifadhi vichwani masafa ya redio ya megahezi 126.9. Ndege inapopita juu ya eneo ambalo mawasiliano na kituo cha kuongozea ndege hayaaminiki, rubani hubonyeza kitufe na kujitangaza kwa yeyote aliye karibu: jina la safari, mahali alipo, kimo chake, anakoelekea, saa atakayofika kituo kinachofuata. Kisha ananyamaza na kusikiliza. Kama kuna mwenzake anayekuja kuikata njia yake katika kimo kilekile, inabidi waelewane wenyewe. Ndivyo afanyavyo dereva wa lori anayepiga honi kabla ya kuingia kona ya Mlima Kitonga, akiomba anayeshuka awe ameisikia.

Utaratibu huo ulibuniwa kwa sababu ya lazima, na umeokoa wengi. Lakini kuwepo kwake ni ushahidi kwamba juu ya bara hili kuna sehemu ambazo abiria mia tatu walioketi kwenye viti vyao hawana mtu chini anayewaangalia.

Somalia ni mfano ambao Afrika Mashariki inaujua kwa karibu. Serikali ya Mogadishu ilipoanguka mwaka 1991, anga la nchi hiyo, pamoja na sehemu kubwa ya Bahari ya Hindi iliyo chini yake kikazi, lilibaki bila mwenyewe. Ndege za kutoka Dubai na Muscat kwenda Nairobi, Zanzibar na Dar es Salaam hupita humo. Kuanzia mwaka 1996 Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, lilianza kulisimamia kutokea Nairobi. Somalia ilirudishiwa usimamizi huo mwishoni mwa Desemba 2017, na tarehe 26 Januari 2023 anga lake la juu likarejea katika daraja ambalo mwongoza ndege ana mamlaka ya kuzitenganisha ndege, si kuwapa marubani taarifa tu. Zaidi ya miaka 30 ilikuwa imepita. Katika sehemu kubwa ya muda huo, kilichozuia anga lile lisigeuke giza tupu ni kwamba jirani alikuwa na chumba, redio na watu.

Hoja ya ushirikiano kati ya wanaoongoza ndege inaanzia hapo. Mikutano mikubwa huizungumzia kama jambo la bei ya mafuta na kupunguza moshi, na hayo ni kweli, kwani njia iliyonyooka hula mafuta kidogo. Lakini jambo la kwanza ni usalama, na usalama wa angani huwa dhaifu zaidi pale mpakani, katika dakika chache ambazo ndege inatoka mikononi mwa kituo kimoja na kuingia mikononi mwa kingine.

Safari ya Nairobi kwenda Kigali huchukua saa moja na dakika kadhaa. Mstari ulionyooka kati ya miji hiyo unakata kusini-magharibi mwa Kenya, unapita juu ya Mara na maji ya Ziwa Victoria upande wa Tanzania, unavuka Kagera na kuingia Rwanda. Nchi tatu, kabla abiria hajamaliza soda yake. Katika kila mpaka, mwongoza ndege anayeaga humweleza anayepokea ndege ipi inakuja, kimo gani, saa ngapi itagusa alama ya mpakani, na kumtajia rubani masafa mapya. Vituo vyenye kompyuta zinazozungumza hukabidhiana kwa data. Visivyo nazo hupigiana simu.

Simu ikikatika, je? Ulaya ililijibu swali hilo kwa maiti 71. Usiku wa tarehe 1 Julai 2002, ndege ya Urusi aina ya Tupolev iliyobeba watoto wengi wa shule kutoka Ufa iligongana na Boeing ya mizigo ya DHL juu ya mji wa Überlingen, kusini mwa Ujerumani. Sehemu hiyo ya anga la Ujerumani ilikuwa ikiongozwa na kituo cha Zurich, Uswisi. Usiku ule pale Zurich mwongoza ndege mmoja alikuwa akihudumia meza mbili peke yake, na mtambo mkuu wa simu ulikuwa umezimwa kwa matengenezo. Kituo cha Karlsruhe, upande wa Ujerumani, kilikuwa na rada iliyowaonya kwamba ndege mbili zinasogeleana. Walikuwa na karibu dakika 2. Walipiga simu Zurich, wakapiga tena na tena. Haikuingia. Na kwa kuwa ndege zile hazikuwa zao, hawakuruhusiwa kuzipa amri wao wenyewe. Walibaki kutazama nukta mbili kwenye kioo zikikaribiana.

Wapo wanaousoma mkasa huo kuwa ni hoja dhidi ya kumkabidhi jirani anga lako. Soma tena. Walioiona hatari ni majirani, na kilichokosekana ni njia ya uhakika ya kuwafikia wenzao. Ushirikiano wa nusunusu, wenye saini kwenye karatasi na waya mbovu chini ya meza, ndio unaoua.

Hivyo basi, Afrika Mashariki ishirikiane vipi? Ianze na macho, yaani rada.

Mwaka 2001 Tanzania ilikubali kununua rada kutoka kampuni ya BAE Systems ya Uingereza kwa pauni milioni 28. Ununuzi ule uligeuka kashfa iliyotikisa siasa za nchi mbili, na baada ya miaka mingi kampuni ikalipa pauni milioni 29.5, zilizoelekezwa kwenye vitabu na madawati ya shule. Rada yenyewe ilikuwa Dar es Salaam. Magharibi yote ya nchi, ziwa na nyanda za juu kusini, ilibaki ikiongozwa kwa redio na hesabu za kichwa. Baadaye Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania ilifunga rada nne za kisasa, Dar es Salaam, Kilimanjaro, Mwanza na Songwe, kwa takriban shilingi bilioni 67.3.

Chukua rada ya Mwanza. Mtambo wa aina hii, kwa ndege iliyo juu sana, unaweza kuona zaidi ya kilomita 400. Kutoka Mwanza hadi Entebbe ni kama kilomita 280 kwa njia ya ndege, hadi Kigali kama 315, hadi Kisumu kama 330. Mawimbi ya rada hayasimami Mutukula kugonga muhuri wa pasipoti. Ndege inayoruka juu ya Masaka au Kisii ikiwa katika kimo cha safari ndefu imo ndani ya upeo wa Mwanza, kama ambavyo rada ya Songwe inachungulia Zambia na Malawi, na rada za Nairobi na Entebbe zinachungulia Tanzania. Kila nchi inalipia jicho linalotazama nyumbani kwa jirani. Kupeana picha hizo, zote, saa 24, kungegharimu sehemu ndogo tu ya bei ya rada moja mpya. Na siku mtambo wa mmoja ukizimika, wenzake wangemwazima macho.

Bara hili haliwezi kusema halijawahi kufanya jambo la namna hiyo. Usiku wa kuamkia tarehe 25 Septemba 2008, vituo vya Afrika kwa pamoja vilipunguza umbali wa wima kati ya ndege katika anga la juu kutoka futi 2,000 hadi futi 1,000. Nafasi za kuruka katika vimo vizuri ziliongezeka karibu maradufu bila kujengwa kitu angani. Haikuwezekana nchi moja kulifanya peke yake, maana ndege inayotoka upande wa futi 1,000 kuingia upande wa futi 2,000 inahitaji kupangwa upya hewani. Walisubiriana, wakafundishana, wakavuka siku moja.

Na Afrika Mashariki yenyewe iliwahi kwenda mbali zaidi. Katika Jumuiya ya Afrika Mashariki ya zamani, usafiri wa anga wa Kenya, Uganda na Tanzania ulikuwa chini ya kurugenzi moja. Shule ya marubani ya Soroti ilifunguliwa mwaka 1971 kwa ajili ya vijana wa nchi zote tatu. Jumuiya ikavunjika mwaka 1977, shirika la ndege la East African Airways likafa mwaka huohuo, na kila nchi ikalazimika kujenga upya kitu ambacho jana yake ilikuwa nacho. Ukiangalia rada, masafa, vyuo na bajeti za leo, sehemu kubwa ya gharama bado ni deni la talaka ile.

Jumuiya mpya haikusahau. Mkataba uliosainiwa Arusha tarehe 30 Novemba 1999 una kifungu kizima, cha 92, kuhusu usafiri wa anga, na wazo la kulisimamia anga la juu kwa pamoja limo. Wakala wa usalama wa anga wa Jumuiya, CASSOA, uliundwa mwaka 2007, una makao Entebbe, na umefanya kazi ya maana ya kulinganisha kanuni. Lakini CASSOA haiongozi ndege hata moja. Kituo kimoja cha anga la juu kimeendelea kuwa ajenda ya vikao kwa robo karne.

Kinachokwamisha kinasemwa kwa sauti ya chini, nacho ni fedha na bendera.

Fedha kwanza. Ndege inayopita tu juu ya nchi bila kutua hulipa tozo, na hulipa kwa dola. Kwa nchi iliyokaa kwenye njia ya Ghuba na kusini mwa Afrika, hicho ni chanzo ambacho hakuna waziri atakayekiachia kwa hotuba ya umoja. Wala haihitajiki akiachie. ASECNA, wakala ulioanzishwa Saint-Louis, Senegal, mwaka 1959, huongoza ndege juu ya takriban kilomita za mraba milioni 16 za Afrika Magharibi, Afrika ya Kati na Bukini. Anga la Komoro huongozwa kutoka Antananarivo chini ya mwavuli huo. Tozo hukusanywa kwa pamoja na kulipia huduma ya wote. Ulaya nayo ina ofisi moja inayozitoza ndege kwa niaba ya nchi wanachama na kuigawia kila nchi chake. Hesabu za aina hiyo zimefanywa kwa miongo mingi. Si fumbo.

Bendera ni ngumu zaidi. Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944, katika kifungu chake cha kwanza kabisa, unaipa kila nchi mamlaka kamili juu ya anga lake, na hakuna mwenye akili anayetaka kuyagusa. Ila kanuni za ICAO hizohizo zinaeleza wazi kwamba nchi inayomkabidhi mwenzake kazi ya kuongoza ndege haipunguziwi mamlaka yake hata chembe. Ujerumani ni nchi yenye uwezo wote, lakini anga la juu la kaskazini-magharibi mwake, pamoja na la Ubelgiji, Uholanzi na Luxembourg, huongozwa kutoka Maastricht katika kituo kilichofunguliwa mwaka 1972. Hata kwetu, kwa miaka mingi Dar es Salaam iliongoza ndege katika anga la juu la Rwanda na Burundi. Hakuna aliyewahi kudai kwamba Kigali ilikuwa mkoa wa Tanzania.

Mfano wa kuvutia kuliko wote uko Amerika ya Kati. Mwaka 1960 nchi tano ndogo ziliunda COCESNA, yenye makao Tegucigalpa, Honduras, ziongozewe ndege na chombo kimoja, na Belize ikajiunga baadaye. Mwaka 1969 wanachama wawili, Honduras na El Salvador, walipigana vita. Ndege za kivita za pande hizo zilishambuliana. COCESNA haikufa. Ipo mpaka leo.

Linganisha na tuliyoyaona karibuni. Januari 2024 Dar es Salaam ilitangaza kufuta vibali vya safari za Kenya Airways kutoka Nairobi, kwa sababu Nairobi iliikatalia Tanzania safari za ndege za mizigo, na mzozo ukamalizwa baada ya siku chache. Februari 2025 Kinshasa ilizifungia anga lake ndege zilizosajiliwa Rwanda, na safari za Ulaya kutoka Kigali zikawa ndefu zaidi. Vita vya Sudan vilipozuka Aprili 2023, anga la Khartoum lilifungwa, na Sudan Kusini, ambayo anga lake la juu lilikuwa bado likiongozwa kutoka Khartoum, ikajikuta nayo imefungiwa juu. Hilo la mwisho lina funzo linaloumiza: kumtegemea jirani mmoja bila mpango wa akiba ni hatari kama kutomtegemea yeyote. Chombo cha pamoja lazima kiwe na vyumba viwili katika nchi mbili, kila kimoja kikiweza kubeba kazi ya mwenzake siku ya moto, mafuriko au mapinduzi.

Na kuna gharama nyingine ambazo mtetezi mkweli hazifichi. Septemba 2022 waongoza ndege wa ASECNA walipogoma, safari zilifutwa katika nchi nyingi kwa mpigo. Ulaya nayo iliagiza anga lake ligawanywe katika kanda za pamoja ifikapo mwisho wa mwaka 2012. Kanda tisa zikaundwa, mikataba ikasainiwa, na waongoza ndege wengi wakaendelea kufanya kazi karibu kama walivyokuwa wakifanya. Kuchora ramani kutoka juu ni rahisi. Kuwafanya watu wa vyumba viwili waaminiane ni kazi ya miaka, na huanzia chini.

Kwa hiyo Jumuiya, ambayo tangu kuingia Kongo mwaka 2022 na Somalia mwaka 2024 inagusa bahari mbili, ingefanya vizuri kuacha kwa muda swali la kituo kikuu kijengwe mji gani. Swali hilo limekula vikao vingi na halina haraka. Yenye haraka ni madogo: kompyuta za Nairobi, Dar es Salaam, Entebbe, Kigali na Bujumbura zikabidhiane ndege bila kutegemea simu, picha ya rada ya Mwanza ionekane Entebbe na ya Entebbe ionekane Mwanza, na vijana wanaosomea kuongoza ndege katika vyuo vya Nairobi na Dar es Salaam wapelekwe miezi mitatu kukaa kwenye meza ya jirani, wamjue kwa jina yule watakayekuwa wakimkabidhi ndege usiku kwa miaka 20 ijayo.